Dalali Aliyekuja Matangani

Alikula kwanza. Miaka mingi imepita na bado hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko mengine yote aliyotutendea. Alikaa kwenye mkeka wa wafiwa, akanawa kwa maji aliyomiminiwa na binti wa marehemu, akala ugali wa mtama na kuku mpaka akalamba vidole, akachokonoa meno kwa kijiti. Ndipo akasimama, akajifuta midomo kwa leso, akasema amekuja kudai.

Tulikuwa Mgori, nyumbani kwa mama yangu mdogo. Mumewe, baba yetu mdogo, alikuwa amezikwa siku chache tu nyuma, na watu bado walikuwa wamelala pale uani kwa matanga. Mimi nilikuwa karani mchapaji katika ofisi ya biashara ya wilaya, mjini Singida, na nilikuwa nimeomba ruhusa kazini nije nikae na mama mdogo.

Asiyekumbuka miaka ile nimweleze kidogo. Biashara ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa. Mitumba ilijaa sokoni, kila mwenye chumba cha mbele alikigeuza duka, na neno lililokuwa mdomoni mwa kila mtu ni ruksa. Wakati huohuo chama cha ushirika kilichokuwa kikinunua alizeti yetu kilikuwa kinakufa. Wafanyakazi wake walipunguzwa, maghala yakabaki na popo, na madeni ya mbolea na mbegu ambayo wakulima walikuwa wamekopeshwa yakagawiwa kwa watu binafsi wayakusanye na wabaki na sehemu yao. Aliyepewa madeni ya upande wa Mgori tulikuwa tukimfahamu sote. Alikuwa mpima mizani wa chama hichohicho. Gunia la alizeti lililomtoa mwanamume jasho kulipandisha, kwenye mizani yake lilikuwa jepesi kama limejazwa pumba. Huyo ndiye aliyerudi akiwa na pikapu, mgambo wawili na cheo kipya cha dalali.

"Poleni sana na msiba," alisema. "Marehemu nilikuwa naye vizuri. Lakini ameondoka hajamaliza deni la chama, na mimi nimetumwa."

Kaka mkubwa wa marehemu akamwendea taratibu. "Bwana, si ungengoja tumalize matanga? Watu wako hapa."

"Mzee wangu, mimi niko kazini."

Mama mdogo alikuwa amekaa chini na kanga nyeusi kichwani. Hakusimama. "Deni gani?" akauliza. "Alizeti ya mwaka juzi alikuletea wewe, ukaipima wewe, ukasema deni limekwisha."

"Mama, mizani ndiyo ilisema bado."

"Mizani haina mdomo. Aliyesema ni wewe."

Watu wakaguna. Yeye akatabasamu kama mtu aliyesifiwa, akainama, akachukua bakuli la rambirambi lililokuwa limefunikwa kitambaa mbele ya wafiwa, akamimina zile noti na sarafu ndani ya kofia yake. Nilimwona mzee mmoja, ambaye asubuhi ile alikuwa ametia humo sarafu aliyoifungua kwenye pindo la shuka lake, akifumba macho. Mgambo wakaenda zizini. Wakatoa maksai wawili, mmoja mwekundu na mmoja mwenye baka jeupe ubavuni, na plau wakaipakia kwenye pikapu pamoja na nira yake.

Nikashindwa kukaa kimya. "Una amri ya mahakama?" nikamuuliza.

Akanigeukia. "Wewe nani?"

"Mtoto wa hapa. Nafanya kazi ofisi ya biashara."

Uso wake ukachangamka. "Aaa! Basi tutaonana hukohuko. Msalimie bosi wako, mwambie namletea kitu."

Mtendaji wa kijiji alikuwapo. Alikuwa na sahani mkononi, na muda wote ule aliitazama kama imeandikwa kitu. Pikapu ilipoondoka, na mgambo wakiwaswaga maksai nyuma yake, akamega tonge jingine.

Mama mdogo hakulia. Aliinuka, akachukua sahani ambayo yule mtu alikuwa amelia ugali, sahani nzuri ya udongo yenye maua, akaenda nayo nyuma ya nyumba. Nilimsikia akiipasua kwenye shimo la taka.

Niliporudi kazini nilikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa matangazo uliokuwa ukutani, nyuma ya mashine yangu ya kuchapa. Palikuwa na karatasi ya masharti kwa mtu anayetaka leseni ya udalali na ukusanyaji wa madeni. Sikuhitaji kuisoma, kwa sababu niliichapa mimi mwenyewe kwenye stensili. Ilitaka mwombaji awe na ofisi ya kudumu iliyokaguliwa, barua ya polisi kuhusu tabia yake, na dhamana ya benki ili akiharibu mali ya mtu apatikane wa kulipa. Ilimkataza kuchukua chochote bila amri ya mahakama na bila kiongozi wa kijiji kusimamia, na ilimtaka aache stakabadhi kwa kila alichochukua. Pale mwisho ilisema kwamba chakula cha familia, vitanda, na vyombo vya kulimia haviguswi.

Ilikuwa karatasi nzuri. Mvua ikinyesha upepo uliirusha, nami ndiye niliyekuwa nikiibandika tena.

Nilipekua kabati la maombi. Hapakuwa na ombi lake. Nilichokuta ni leseni yake ya mwaka ule ya kununua na kuuza ngozi. Nikaipeleka kwa bosi wangu, Afisa Biashara. Hakuwa mtu mkali. Alivaa tai hata siku za joto, na kila mtumishi alipofiwa alichangia bila kuombwa. Kwa hiyo nilimweleza yote, tangu kunawa mikono hadi maksai, nikitegemea atainuka pale kwenye kiti.

"Anakusanya madeni kwa leseni ya ngozi," nikamalizia.

Akacheka mpaka tai ikatikisika. "Si anachuna watu? Leseni ni hiyohiyo!"

Alipoona sicheki akakohoa, akasema atamwita.

Kweli alimwita. Yule dalali alikuja akiwa amevaa suti ya kaunda iliyopigwa pasi, akasalimia kila meza kwa zamu, na kwapani alikuwa na mzigo uliofungwa kwa magazeti. Akauweka juu ya meza ya bosi, juu ya fomu ambazo hazijajazwa. Ilikuwa nyama. Damu ilipenya gazeti ikaanza kutambaa kwenye karatasi, na bosi wangu akazisogeza kwa ncha ya kalamu huku akisema, "Aa, ndugu yangu, umejisumbua bure."

Wakaigawa palepale. Mhudumu wa ofisi alileta kisu. Kila mmoja alipata fungu lake, na fungu langu likaletwa mpaka kwenye mashine. Harufu ya nyama mbichi ikachanganyika na ya wino wa utepe. Nilisema sitaki.

"Haya, utakula mlenda," alisema bosi, akalichukua na langu. Kisha akamgeukia mgeni wake kwa sauti ya kikazi. "Sasa, bwana, utaratibu ni utaratibu. Huwezi kukusanya madeni bila leseni. Nimeletewa malalamiko. Inabidi ujaze fomu."

Nilidhani sijasikia vizuri. Mtu alikuwa amevamia msiba, ameiba rambirambi za mjane, na adhabu yake ilikuwa kujaza fomu.

Barua ya polisi ya tabia njema ililetwa kesho yake asubuhi. Barua ya dhamana ililetwa mchana, imeandikwa kwa mkono, ikiwa na sahihi ambayo hakuna aliyejishughulisha kuuliza ni ya nani. Ikabaki ofisi ya kudumu. Mkaguzi wetu akatumwa kwenda kuiona, nami nikaambiwa niende naye kuandika.

Ilikuwa Unyambwa, nyuma ya nyumba ya dalali mwenyewe. Kabla hatujafika mlangoni nzi walitupokea. Nusu ya chumba ilikuwa ngozi za ng'ombe na mbuzi zilizopakwa chumvi na kupangwa moja juu ya nyingine, na chini yake sakafu ilikuwa na maji mekundu yanayonata viatuni. Nusu nyingine ilikuwa ndiyo ofisi. Palikuwa na meza, na kuizunguka meza ile palikuwa na vitu vya watu, vingi mno kwa mtu kuvimaliza kwa macho. Milango iliyong'olewa na bawaba zake. Vinu na michi. Baiskeli zisizo na minyororo. Godoro la mtoto lenye doa la mkojo. Cherehani. Gongo la kiwete, lile la kuweka kwapani, limefungwa kitambaa pale juu ili lisiumize. Nikajiuliza mwenye gongo lile aliondokaje siku aliponyang'anywa, na nani alimshika mkono.

Mkaguzi alijiziba pua kwa leso. "Andika," akaniambia kutoka ndani ya leso. "Ofisi ni ya kudumu. Ina mlango mmoja na dirisha moja. Ina meza."

Kwenye kona niliiona plau ya baba mdogo. Niliijua kwa mshikio, aliokuwa ameufunga kwa ukanda wa tairi baada ya kupasuka.

"Ile plau ni ya nyumbani kwetu," nilisema. "Na masharti yanakataza vyombo vya kulimia."

"Dada yangu, hatukuja kukagua vyombo. Tumekuja kukagua ofisi. Umeandika dirisha?"

Tukarudi mjini. Bosi akaweka karatasi mbele yangu nichape leseni.

"Hii sichapi," nikasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, labda hata kwa barua ya onyo. Hapakuwa na kitu. Alinitazama kwa upole kama mtu anayemtazama mgonjwa, akachukua karatasi, akampelekea mchapaji wa ofisi ya jirani. Leseni ilirudi kabla ya chai ya saa nne, ikapigwa muhuri. Hakuna hata aliyenikasirikia. Nadhani hicho ndicho kilichoniudhi zaidi. Ningekasirikiwa, ningejua kwamba walau mtu mmoja mle ndani alijua tunachofanya.

Wiki iliyofuata mama mdogo alikuja mjini kwa lori la kuni. Akafikia kwangu Mwankoko, kwenye chumba nilichopanga. Baada ya kula, nilimsomea ile karatasi ya masharti, maana nilikuwa nimechapa nakala nikaja nayo nyumbani. Nilimfafanulia kwa Kinyaturu pale ambapo Kiswahili cha serikali kilikuwa kigumu. Alisikiliza amefumba macho.

"Rudia hapo pa plau," akasema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo serikali ilijua. Iliandika kabisa kwamba mtu asichukuliwe plau."

"Iliandika, mama."

"Halafu ikaibandika ukutani kwenu."

"Ndiyo."

Akafungua macho. "Kesho nipeleke mahakamani."

Mahakama ya mwanzo ilituzungusha. Siku moja hakimu anaumwa, siku nyingine faili halionekani, siku nyingine mdaiwa hakuitwa ipasavyo. Mama mdogo alikuwa akija na lori na kurudi na lori, na msimu wa kulima ulikuwa unakaribia. Hatimaye kesi ikasikilizwa, chumba kimejaa, wazee wa baraza wamekaa kushoto na kulia kwa hakimu.

Dalali alikuja na leseni yake ndani ya fremu ya kioo. Aliikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi picha ya harusi. Hakimu, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyoshikiliwa kwa uzi, aliigeuza huku na huku.

"Hii imetolewa lini?"

Dalali akataja tarehe.

"Na maksai ulichukua lini?"

"Mheshimiwa, nilikuwa kwenye utaratibu wa kuipata."

"Nimekuuliza lini."

"Kabla ya hapo, mheshimiwa."

"Wako wapi?"

"Mmoja yupo, mheshimiwa. Mwingine alivunjika mguu zizini kwangu siku chache baadaye, ikabidi tumchinje."

"Nyama ukauza?"

"Sikuuza, mheshimiwa. Niligawa tu kwa ndugu na marafiki."

Mate yakanijaa mdomoni. Niliona magazeti yale juu ya meza, kisu cha mhudumu, mafungu yanagawiwa kutoka meza hadi meza. Nilitoka nje mbio, nikatapika kwenye ukuta wa mahakama, mimi ambaye hata sikuionja. Niliporudi, mama mdogo alikuwa amesimama.

"Nataka kumuuliza," alimwambia hakimu, na hakimu akaruhusu. "Ulichinja yupi?"

Dalali hakuelewa. "Yupi vipi?"

"Mwekundu au mwenye baka?"

"Mama, ng'ombe ni ng'ombe."

Chumba kizima kilitoa mguno mmoja. Watu wetu ni wafugaji. Mle ndani hapakuwa na mtu asiyejua ng'ombe wake kwa rangi, kwa pembe na kwa tabia, na mzee mmoja wa baraza akatikisa kichwa akitazama pembeni, kama mtu aliyeona uchi.

Hakimu alihukumu kwamba maksai aliyebaki arudishwe pamoja na plau na nira, na kwamba dalali alipe bei ya yule mwingine na rambirambi zote. Alisema wazi kuwa vyombo vya kulimia havichukuliwi, awe na leseni ama asiwe nayo. Kuhusu leseni yenyewe alisema hilo ni la ofisi iliyoitoa.

Basi nikarudi kwenye ofisi iliyoitoa. Nilimkuta bosi anasoma gazeti.

"Ile nyama," nikamwambia, "ilikuwa maksai wa mama yangu mdogo. Imesemwa mahakamani."

Akashusha gazeti. Akafikiri. Nikaona kabisa kwamba anafikiri.

"Ndiyo maana ilikuwa ngumu," akasema.

Mpaka leo sijui kama alikusudia mzaha. Akaendelea kusoma. Leseni haikuguswa, na mwaka uliofuata ilihuishwa.

Aliyerudishwa alikuwa yule mwenye baka, amekonda, shingo ina kidonda cha kamba. Plau ilirudi. Fedha hazikurudi kwa mkupuo. Dalali alianza kulipa kidogokidogo kwa vitu: siku moja bati mbili zenye matundu ya misumari, siku nyingine mbuzi. Kisha mgambo wake akaleta sufuria kubwa la kupikia shughuli, lililochakaa lakini zima. Nilikuwapo siku ile, nimekwenda kumwona.

"La nani hili?" mama mdogo akamuuliza.

"La kwako sasa, mama. Bosi amesema lihesabiwe kwenye deni."

"Sijauliza la nani sasa. Nauliza lilikuwa la nani."

Mgambo hakujua, au hakutaka kusema. Alipoondoka, mama mdogo alilizungusha sufuria lile mikononi mwake. Pembeni ya mdomo wa sufuria palikuwa na alama ya msalaba, imekwaruzwa kwa msumari, kama wanawake wanavyotia alama vyombo vyao visipotee kwenye shughuli za watu. Mtu yule alikuwa anamlipa mjane kwa chombo cha mwanamke mwingine, na alitaka tushukuru.

Asubuhi alijitwika sufuria kichwani, akaanza kutembea. Nilifuatana naye. Alikwenda kijiji hadi kijiji, kwenye visima, kwenye mashine za kusaga, kila penye wanawake, akilishusha na kuwaonyesha ile alama. "Mwenye hili mnamjua?" Wengine walidhani anauza. Tulilala kwa watu tusiowajua. Mwishowe, kwenye kisima kimoja, mwanamke mwenye umri wa mama mdogo aliweka ndoo yake chini, akaja, akapitisha kidole kwenye ule msalaba.

"Umelitoa wapi?" akauliza.

"Nililetewa nilipwe deni," alisema mama mdogo. "Nimekurudishia."

Yule mwanamke akashika ukingo wa sufuria kwa mikono miwili. Baadaye alitupeleka kwake, akatukaangia kuku, akatusimulia jinsi walivyomng'olea mlango wakati mvua inanyesha. Mama mdogo akaniambia, "Msomee ile karatasi." Nikaisoma, na majirani wakaja, nikasoma tena, na walinirudisha kila mara palepale pa plau na vitanda. Wawili kati yao walikwenda mahakamani baada ya hapo. Mmoja alirudishiwa mlango wake. Wa pili alishindwa, kwa sababu alichukuliwa vyake baada ya leseni kutoka, na karatasi ya amri ikapatikana, sijui kutoka wapi, ikiwa na muhuri unaosomeka vizuri sana.

Dalali hakufilisika, kama kuna anayesubiri kusikia hivyo. Watu wa Mgori walipoanza kumuuliza maswali mlangoni, alihamishia kazi yake Manyoni, kwenye miji ya reli, akanunua gari la pili. Nami niliomba uhamisho, nikapelekwa idara ya maji, nikachapa barua za pampu na mabomba mpaka nilipoacha kazi. Bei ya yule maksai mwekundu hakuimaliza. Mama mdogo aliacha kuidai. Alisema hataki kitu kingine chochote kilichopita mikononi mwa mtu yule kiingie uani kwake.

Mvua zilipoanza alimfunga mwenye baka kwenye nira na ng'ombe wa jirani. Hawakuzoeana. Yule wa jirani alikuwa mrefu na mwenye haraka, nira ikalala upande, na mistari ya shamba ikaenda upogo kuanzia juu hadi chini. Nilishika kamba mbele, mama mdogo akashika plau nyuma. Tulipomaliza kipande cha kwanza alisimama akaitazama ile mistari, akasonya.

"Alizeti haijali," alisema, akaniambia nigeuze ng'ombe.